Mwalimu, Tua Mzigo Kabla ya Kuingia Nyumbani

Leo nataka kuzungumza na mama mwalimu. Na kama wewe si mwalimu, tafadhali usiondoke karibu na redio yako. Huenda dada yako ni mwalimu, au mkaza mwanao, na bila shaka mtoto wako anafundishwa na mwalimu. Hali ya moyo wa mwalimu huyo humfikia mtoto wako kila siku.

Hebu tuitazame siku moja ya kawaida. Mama ameamka saa kumi na moja alfajiri. Amepika uji, amewatayarisha watoto, na saa moja na nusu yuko shuleni. Leo ndiye mwalimu wa zamu. Darasa lake lina watoto zaidi ya sitini. Mwalimu mkuu anataka maandalio ya somo na rekodi za tathmini. Mzazi mmoja amefika kulalamika kwa sauti ya juu mbele ya wanafunzi. Saa ya chakula cha mchana simu inalia: ni ujumbe wa kumkumbusha mkopo. Jioni anabeba mkoba uliojaa vitabu vya kusahihisha. Anapofika mlangoni, mwanawe wa miaka sita anamkimbilia kumwonyesha picha aliyochora. Mama anafoka, "Hebu niondokee hapa!" Mtoto anaikunja picha yake na kwenda zake kimya.

Msikilizaji, mtoto yule hakukosa. Wala mama yule si mama mbaya. Kilichofoka ni mzigo wa mchana kutwa ambao haukupata mahali pa kutuliwa.

Msongo wa mawazo ni nini?

Msongo wa mawazo ni hali inayotupata mambo tunayotakiwa kuyafanya yanapozidi nguvu, muda au fedha tulizo nazo. Mwili huuchukulia msongo kama hatari. Hutoa kemikali zinazoitwa homoni, moyo ukapiga mbio, misuli ikakaza na pumzi ikawa fupi. Hali hiyo ingekusaidia kama ungekuwa unamkimbia nyoka. Lakini huwezi kuukimbia mkopo, wala huwezi kulikimbia darasa la watoto sitini. Basi mwili unabaki umekaza tangu asubuhi hadi usiku.

Dalili zake ni hizi: kuumwa na kichwa au shingo mara kwa mara, tumbo kuvurugika, kukosa usingizi, kusahau mambo, kukasirika upesi, na kuchoka hata baada ya kupumzika. Ukiuacha msongo wa kazi uendelee kwa muda mrefu, unaweza kufikia hali ya kuishiwa nguvu kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa na mambo matatu: uchovu mkubwa, kuichukia kazi uliyokuwa ukiipenda, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Shirika hilo lilisema inatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa vyema. Kwa hiyo mwalimu aliyefika hapo asiitwe mvivu.

Na kazi yenyewe imeongezeka. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, wanafunzi wa shule za msingi nchini walitoka chini ya milioni 6 na kupita milioni 7. Hiyo ilikuwa baraka kwa watoto, lakini madarasa yalijaa. Kisha mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini mwaka 2019, mwalimu alipata kazi zaidi ya kumtathmini kila mtoto na kuandika maendeleo yake.

Njia zinazodanganya

Wengine hutafuta nafuu kwenye pombe. Pombe huleta usingizi, lakini usingizi wenyewe si mzuri, na asubuhi matatizo yangali pale pale. Wengine hutafuna miraa au muguka, ambayo huufukuza usingizi ambao mwili unauhitaji. Wengine humeza tembe za kutuliza maumivu kila siku bila ushauri wa daktari. Tembe hizo zikizoeleka zinaweza kuumiza tumbo na figo.

Na wengine huutua mzigo wao juu ya watoto. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumwadhibu mtoto kwa kumpiga au kumtesa kwa maneno. Lakini hata bila sheria, mwalimu, jiulize: ninapomwadhibu mtoto huyu, ni kosa lake au ni uchovu wangu?

Njia zinazosaidia

Kwanza, pumua. Unapohisi hasira ikipanda darasani, nyamaza kidogo. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia mara tano. Kutoa pumzi polepole husaidia kuyatuliza mapigo ya moyo. Unaweza kufanya hivyo ukiwa unafuta ubao, na hakuna atakayejua.

Pili, kula na unywe maji. Chai na mandazi pekee havitoshi kukufikisha jioni. Beba githeri, viazi vitamu au ndizi. Mwenye njaa hukasirika haraka.

Tatu, panga usahihishaji. Si lazima kila zoezi libebwe nyumbani. Mazoezi mafupi wanafunzi wanaweza kubadilishana vitabu na kuyasahihisha darasani ukiwaongoza. Chagua siku mbili za juma ambazo mkoba wa vitabu utabaki shuleni.

Nne, tembea. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya mwili kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Kama njia ni salama, shuka kwenye matatu mapema kidogo na umalizie kwa miguu. Mwendo huo unalegeza misuli iliyokaza.

Tano, zungumza. Tafuta mwalimu mwenzako unayemwamini, mkutane hata mara moja kwa juma. Huenda ukagundua kwamba jambo linalokukosesha usingizi, yeye alilipitia mwaka jana. Na kama ni mkopo, mweleze mume wako au mtu wa chama chenu kabla hujachukua mwingine wa kuulipia.

Sita, lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Weka simu mbali, hasa ile ya makundi ya walimu na wazazi. Ujumbe wa saa nne usiku unaweza kujibiwa asubuhi.

Na ukifika nyumbani, jipe dakika kumi. Waambie watoto kwa upole, "Mama anapumzika kidogo, halafu nitaiona picha yako." Nawa uso, badilisha nguo, keti. Kisha timiza ahadi yako, uitazame hiyo picha. Na kama tayari umefoka, mwombe mtoto msamaha. Mzazi hapungukiwi na heshima kwa kusema, "Mwanangu, nilikosea."

Nanyi wengine nyumbani

Baba, mwalimu amefanya kazi kutwa kama wewe. Chota maji, mwogeshe mtoto, kagua kazi yake ya nyumbani. Mzazi, ukiwa na lalamiko shuleni, omba nafasi ya kuonana na mwalimu faraghani. Usimtukane mbele ya mwanao, kwani kesho mtoto huyo atakataa kumsikiliza.

Wakati wa kutafuta msaada

Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, ukiwa hupendi tena chochote, huli, hulali, au unawaza kwamba ni heri kufa, usingoje. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukamweleze mhudumu wazi wazi. Ukiwaza kujidhuru, usikae peke yako. Mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo. Unaweza pia kupiga simu bila malipo kwa nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo uliosongwa ni maradhi kama mengine.

Mama mwalimu, kesho asubuhi chagua jambo moja tu kati ya haya ulijaribu. Juma lijalo ongeza la pili.