Kutu Ilayo Mabomba Chini ya Ardhi

Mkulima wa Dundori atazamapo chini upande wa Nakuru huona mashamba, reli na ziwa. Asichokiona ni mabomba ya chuma yapitishayo petroli, dizeli na mafuta ya taa kutoka Nairobi, kwa njia ya Morendat na Nakuru, mpaka Eldoret. La kwanza lilianza kazi mwaka 1994, na la pili, lililo nene zaidi, mwaka 2011.

Adui wa mabomba hayo ni kutu. Chuma kilichozikwa katika udongo wenye maji na chumvi hugeuka kama betri ya tochi: umeme kidogo hutoka katika chuma kuingia udongoni, na kila utokapo huondoka na chembe za chuma. Kwa sababu hiyo bomba huvikwa gamba la lami au plastiki kabla ya kuzikwa. Lakini jiwe moja au pigo la jembe latosha kulitia jeraha, na jeraha dogo lina hatari yake, maana kutu hukazana mahali pale pamoja mpaka itoboe.

Hapo ndipo umeme wenyewe hufanywa mlinzi. Nani hajaona bati lililokwaruzwa likakaa muda mrefu bila kutu? Zinki iliyopakwa juu yake huliwa, chuma kikasalimika. Mwingereza Humphry Davy alilitumia jambo hilo mwaka 1824 kukinga shaba ya merikebu za vita. Kwa bomba, vipande vya magnesi huzikwa karibu na kuungwa nalo kwa waya, viliwe badala yake. Bomba likiwa refu, hutumiwa mtambo utiao umeme udongoni, ili uingie katika bomba badala ya kutoka.

Fundi hupima penye vinguzo vilivyosimamishwa njiani. Huweka ardhini kipande cha shaba kilicho ndani ya maji ya mrututu, ule ujulikanao na wakulima wa viazi. Bomba likiwa volti 0.85 au zaidi chini ya shaba hiyo, limekingwa. Mwizi wa shaba akikata waya, ulinzi wakoma siku ile ile, wala bomba halipigi kelele.

Hasara ya bomba kuvuja, kwa sababu yoyote ile, ilionekana Thange, Makueni, Mei 2015. Mafuta ya bomba la Mombasa na Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, yaliingia mtoni na visimani, wakulima wakakosa maji.

Mwenye shamba lipitiwalo na bomba, akiona kinguzo kimeng'olewa, waya umefukuliwa, au majani yamekauka penye harufu ya mafuta, na apeleke habari upesi kwa chifu au kwa Kenya Pipeline Company. Asiwashe moto, wala asikinge mafuta kwa ndoo.