Kabla ya kuicheka kaunti ya mwenzako, hesabu walioachwa njiani

Kila Januari huwa ni yale yale. Waziri wa Elimu akimaliza tu kusoma matokeo ya KCSE, simu zinaanza kuwaka. Grupu za WhatsApp zinajaa orodha za shule, watu wanatupiana maneno kikaunti. Wa Kiambu anamtania wa Kwale, wa Kisii anamuuliza wa Mandera eti huko kwao watoto husoma kweli ama huchunga ngamia tu. Nawe umewahi kucheka, usinikatalie.

Leo nataka tukiongelee hicho kicheko. Mimi si mwalimu wala mtafiti. Chuo niliingia nikatoka kabla ya kumaliza, karo ilinilemea, kwa hivyo sina digrii ya kukuringia nayo. Lakini hesabu ya darasa la tano ninaijua, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi ya leo.

Hoja yangu ni hii: alama za kaunti hazikuambii watoto wa huko wana akili kiasi gani. Kwanza zinakuambia ni nani alifaulu kufika kwenye chumba cha mtihani, na alifika akiwa ameshikiliwa mkono na nani.

Tutoke nje kidogo kwanza, twende Marekani, kwa sababu kule kuna mfano ulio wazi sana. Kuna mtihani unaitwa SAT, ambao hata Wakenya wanaotafuta nafasi katika vyuo vya kule huufanya. Alama ya juu kabisa ni 1,600. Ukiangalia matokeo ya 2023, jimbo la Wisconsin lilikuwa na wastani wa zaidi ya 1,200. Illinois, ambao ni majirani zao, hawakufika 1,000.

Ungekuwa kwenye grupu ya kule ungeshawacheka watu wa Illinois. Lakini hebu subiri. Wakati huo serikali ya Illinois ilikuwa inawalipia wanafunzi wa shule za umma mtihani huo, kwa hivyo karibu kila mtu aliufanya, mwenye ndoto ya chuo na asiye nayo. Wisconsin wao hulipia wanafunzi mtihani mwingine, ACT. Wanaofanya SAT huko ni wachache mno, kama wawili au watatu kwa kila 100, na kwa kawaida ni wale wanaolenga vyuo vikubwa vya nje ya jimbo lao. Yaani huku umepanga mstari wa mbele wa darasa peke yake, kule umepanga darasa zima. Halafu unauliza nani ameshinda?

Wamarekani wenyewe wanaijua hesabu hii, ndiyo maana kila ripoti nzuri ya SAT huweka safu mbili: wastani, na asilimia ya waliofanya. Sisi hiyo safu ya pili huwa tunaisahau.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu hakuna KCSE mbili za kuchagua, so ungedhani tatizo hilo halituhusu. Linatuhusu, tena vibaya zaidi. Kule mtoto asiyefanya SAT ameamua kufanya mtihani mwingine. Hapa kwetu asiyefanya KCSE mara nyingi alishatoka shuleni zamani, na hakuna anayemhesabu.

Chukua watahiniwa wa 2024. Waliofanya KCSE walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, ile gredi ya kukufungulia mlango wa digrii, walikuwa 246,391. Hiyo ni takriban robo. Magazeti yakaandika robo, nasi tukakariri robo.

Lakini kizazi hicho ndicho kilichofanya KCPE Machi 2021, ule mtihani uliocheleweshwa na korona. Wakati huo watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.17. Kati ya hapo na KCSE, idadi imepungua kwa zaidi ya watu 200,000. Si watoto wale wale mmoja kwa mmoja, kwa sababu kuna wanaorudia na wanaosajiliwa kibinafsi, lakini picha unaiona. Ukigawa waliopata C+ kwa idadi ya walioanza, si robo tena. Ni kama mmoja kati ya watano. Na hapo bado hujamhesabu aliyetoka darasa la sita, ama yule ambaye hakuwahi kuingia la kwanza.

Weka hesabu hiyo kwenye kaunti mbili za kubuni. Kaunti ya kwanza, watoto 100 walianza shule, 40 wakafika KCSE, 12 wakapata C+. Hiyo ni asilimia 30. Kaunti ya pili, 100 walianza, 80 wakafika, 20 wakapata C+. Asilimia 25. Kwenye orodha ya grupu yenu, ya kwanza imeibwaga ya pili. Lakini ni kaunti gani imepeleka watoto wengi zaidi chuoni? Na ni gani imepoteza watoto 60 bila mtu kuuliza?

Ndiyo maana kaunti ikijitahidi kurudisha watoto shuleni, wastani wake unaweza hata kushuka. Mwaka wa 2018 serikali ilipoanza kusukuma kila aliyefanya KCPE aingie kidato cha kwanza, ilijua inaingiza hata waliopata alama za chini. Mwaka wa 2016 watahiniwa wa KCSE walikuwa zaidi kidogo ya 570,000. Leo wanakaribia milioni. Ukitaka wastani mzuri kwa haraka, njia rahisi ni kuwafungia mlango wanyonge. Sidhani hiyo ndiyo elimu unayoitaka.

Kuna kiini macho kingine. Matokeo huhesabiwa mahali shule ilipo, si mahali mtoto anatoka. Alliance, Alliance Girls na Mang'u zote ziko Kaunti ya Kiambu. Shule za kitaifa huchukua watoto kutoka kila pembe. Msichana aliyeongoza shule yake ya msingi kule Wajir akaitwa Alliance Girls, A yake inaandikwa Kiambu. Wajir imezaa, imelea, imetoa mtoto wake mkali zaidi, halafu Januari inachekwa kwa kukosa A. Maze, hiyo ni haki?

Najua utaniambia: sawa, lakini hata ukirekebisha hizo hesabu zote, bado kuna kaunti ziko nyuma. Ni kweli, na sitaki kukudanganya kwamba pengo ni la makaratasi tu. Pengo lipo. Swali ni limetoka wapi.

Angalia Vihiga na Marsabit. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 Vihiga na 459,785 Marsabit. Si tofauti ya kutisha. Lakini Vihiga yote haifiki kilomita za mraba 600. Marsabit ni zaidi ya 66,000. Unaweza kuingiza Vihiga 100 ndani yake na ubaki na nafasi.

Sasa chukua sera ya elimu ya bure ya shule za upili za kutwa. Tangu 2018 kiwango kilichowekwa ni Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, awe wapi. Kwenye karatasi huo ni usawa mtupu. Lakini neno lililobeba mzigo wote hapo ni kutwa. Vihiga mtoto anatoka nyumbani asubuhi kwa miguu na jioni yuko mezani kwa mamake. Kule Marsabit shule inaweza kuwa mwendo wa siku nzima, na familia yenyewe inahama ikifuata maji na malisho. Huyo hana njia ila bweni, na bweni si bure. Mwongozo wa karo uliowekwa na Wizara kwa shule nyingi za bweni zisizo za kitaifa ni Sh40,535 kwa mwaka, na za kitaifa Sh53,554. Ukame ukiua mbuzi, ndiyo hiyo karo imekufa. Serikali imempa kila mtu kiatu cha saizi moja, halafu tunamcheka anayechechemea.

Ongeza walimu. Novemba 2014 magaidi walishambulia basi lililotoka Mandera wakaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda likizo. Aprili 2015 likafuata shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu mwalimu hata kidogo, hakuna somo linalozidi uhai. Lakini mfikirie mwanafunzi wa kidato cha nne aliyebaki bila mwalimu wa fizikia wala wa kemia. Novemba ilipofika aliletewa karatasi ile ile uliyofanya wewe, saa ile ile, na ile ya maabara pia. Msahihishaji hakujua kwamba huyu alijisomesha.

Na haya hayakuanza juzi. Maseno ilianza 1906, Alliance 1926, zote zikijengwa na wamisheni. Wakati huo kaskazini ilikuwa eneo lililofungwa na wakoloni, hata kuingia ulihitaji kibali. Uhuru ulipokuja, waraka wa sera Nambari 10 wa 1965 ukasema pesa za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Kwa lugha ya mtaani, aliyenacho aongezewe. Sheria ya hali ya hatari kaskazini iliondolewa 1991 tu. Wazazi wa waliofanya KCSE juzi walikuwa watoto wakati huo. Hii si historia ya kale, ni ya mama ya mtu.

Wasichana nao wana hesabu yao. Mwaka wa 2024 kitaifa walizidi wavulana kidogo miongoni mwa watahiniwa, na tukapiga makofi. Lakini wastani wa nchi unaficha mengi. Katika kaunti kama Mandera, Wajir, Garissa na Turkana wavulana bado ni wengi zaidi kwenye chumba cha mtihani. Akiba ikiisha, anayebaki nyumbani ni msichana. Kuna anayeolewa mapema, kuna anayebaki kuteka maji. Hakupata E, wala D. Hayumo kwenye orodha kabisa.

Tume ya Ugavi wa Mapato ilipoorodhesha kaunti zilizotengwa kwa mara ya kwanza ilitaja 14, zikiwemo Turkana, Mandera, Tana River, Kwale na Kilifi. Katiba ya 2010 pia iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maeneo hayo. Kifungu cha 204 kinataja maji, barabara, afya na umeme. Shule hakikuitaja kwa jina. Maji na barabara humsaidia mwanafunzi, sikatai, lakini pengo la elimu halitazibika lenyewe.

Kwa nini nakuambia haya sasa? Kwa sababu KCSE yenyewe inaaga. Waliofanya KCPE ya mwisho 2023 ndio watafunga ukurasa 2027. Wengine wameshaingia sekondari ya juu, gredi ya 10, ambako mwanafunzi anachagua kati ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Inasikika poa. Lakini si kila shule inaweza kutoa njia zote tatu. Shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia itampa mtoto uchaguzi gani? Zamani pengo lilionekana Januari, baada ya mtihani. Sasa linaweza kumwamulia mtoto kabla hata hajashika kalamu, halafu tuseme ni yeye aliyechagua.

So badala ya orodha ya A, mimi na wewe tudai namba nyingine. Kila kaunti itangaze ni watoto wangapi waliingia shule ya upili, wangapi walimaliza, na wangapi walitoka na kwa nini. Hizo namba hazihitaji mtafiti kutoka ng'ambo. Kila mwalimu mkuu ana rejista ya walioingia na walioondoka. Mwakilishi wadi wako akiitisha kikao cha maoni kuhusu bajeti, nenda, simama, uliza: wadi hii imepoteza wanafunzi wangapi mwaka huu? Uliza basari zilienda kwa nani, na kama kuna aliyerudi shuleni kwa sababu ya hizo pesa.

Na kama kaunti yako huwa juu ya orodha, swali hilo linakuhusu hata zaidi. Kwenye ploti unayokaa kuna kijana wa rika lako anayesukuma mkokoteni ama anaosha magari, na hakufika kidato cha nne. Yeye pia ni wa kaunti yako. Ni vile tu wastani haukumhesabu.