Bastola Isiyo na Risasi: Eksirei, Kompyuta na Mawe ya Mpakani

Mji wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, umepakana na Goma kwa karibu sana hata mgeni hudhani ni mji mmoja uliokatwa kwa kizuizi. Njia ya Petite Barrière imezoea watu wa miguu wenye nyanya, maharage, vitenge na unga. Kando yake, kwa njia za panya, yamepita pia mawe. Mwezi Novemba 2011 Rwanda iliirudishia Kongo zaidi ya tani 80 za madini ya magendo yaliyokamatwa na polisi. Ndugu msomaji, mfikirie askari anayefungua gunia moja la namna hiyo. Mbele yake upo mchanga mweusi, mzito. Je, ni kasiteriti itoayo bati, ni koltani, ni wolframu, au ni mchanga wa volkeno tu? Kwa macho peke yake hakuna awezaye kuapa mahakamani.

Kipo kifaa kinachoshikwa mkononi mfano wa bastola, ila hupiga eksirei badala ya risasi. Eksirei ikiingia ndani ya atomu huing'oa elektroni iliyo katika lindo la ndani. Lindo hilo haliachwi wazi: elektroni ya lindo la nje hushuka kulijaza, na katika kushuka kwake aghalabu hutoka mwali mpya wa eksirei wenye nguvu maalumu. Kila elementi ina nguvu zake, mithili ya namba ya askari isiyopewa mwenziwe. Bati hutoa mwali wa kiloelektronivolti 25.3, niobi 16.6, na chuma 6.4. Kitambuzi kilichomo ndani ya kifaa huipokea miali hiyo, huihesabu, na kuandika majina. Wataalamu huita jambo hili fluoresensi ya eksirei.

Aliyeonyesha mwaka 1913 kwamba nguvu hizo hufuata namba ya atomu kwa kanuni moja ni Mwingereza Henry Moseley. Vita Kuu ilipozuka alijiunga na jeshi, akawa ofisa wa mawasiliano katika kikosi cha wahandisi, akauawa kwa risasi huko Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Ni vigumu kutaja hasara iliyo kubwa kuliko hiyo katika historia ya sayansi ya karne iliyopita.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Bomba la eksirei la kifaa cha mkononi kwa kawaida halizidi kilovolti 50, ilhali kuing'oa elektroni ya ndani kabisa ya tantali huhitaji zaidi ya 67. Kwa hiyo kifaa hutegemea miali hafifu ya lindo la pili. Hapo tantali husoma 8.15 na tungsteni 8.40. Kitambuzi kizuri hutenganisha miali iliyoachana kwa takriban 0.15, basi vilima viwili vya tantali na tungsteni husimama bega kwa bega, kimoja kikikanyaga upindo wa kingine. Shaba, yenye 8.05, huikaribia tantali zaidi ya hapo. Mtu aliyechanganya koltani kidogo katika gunia la wolframu amepata maficho mazuri, na mtu asiye na hatia aweza kusingiziwa na kipande cha shaba. Ndiyo maana mpimaji mwerevu huitafuta pia niobi, ambayo katika koltani huandamana na tantali, na ambayo mwali wake husimama mbali na ghasia hiyo.

Mambo haya yajulikanaje kabla ya kufika mpakani? Jeshi hufanya mazoezi kwa risasi baridi kabla ya vita. Wanafizikia nao hufanya mazoezi ndani ya kompyuta. Programu mojawapo ni Geant4, iliyozaliwa katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ilitolewa kwa mara ya kwanza Desemba 1998 kwa ajili ya majaribio makubwa ya chembe ndogo za maada, na hutolewa bure. Mtumiaji huandika umbo la bomba, la jiwe, la gunia na la kitambuzi, kisha programu hurusha mwali mmoja mmoja na kuamua hatima yake kwa kura, kadiri sheria za fizikia zinavyoruhusu. Mbinu hiyo ya kura ilimjia mwanahisabati Stanislaw Ulam mwaka 1946, alipokuwa akicheza karata peke yake katika kuuguzwa. Uvumilivu unatakiwa: kilima chenye hesabu 100 kina mashaka ya asilimia 10, na ili mashaka yashuke hadi asilimia 1 sharti hesabu zifike 10,000.

Tena kuna mtego. Katika baadhi ya mipangilio ya programu hiyo fluoresensi huwa imezimwa, au miali hafifu hukatwa ili kuokoa muda. Mwanafunzi hurusha mamilioni ya miali asione kilima hata kimoja, akadhani kosa ni la jiwe. Elimu ya namna hii si ngeni hapa: Shule ya Afrika ya Fizikia ilifanyika Kigali mwaka 2016, na mwaka 2018 ikafunguliwa huko taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, EAIFR.

Mazoezi hayo hufundisha mengi. Vumbi la Nyiragongo lina chuma, na chuma huimeza miali ya tantali kisha hutoa yake, hivyo kipimo cha gunia chafu hupungua kuliko kweli. Maji nayo hutawanya miali. Mchanga ukaushwe, usagwe, upimwe mara kadhaa mahali mbalimbali.

Dhahabu ndiyo hatari zaidi. Mwali wake wa 9.71 wakaribiana mno na mwali mmoja wa tungsteni wa 9.67, na uzito wa metali hizo kwa ujazo ni karibu sawa. Mwali huo hutoka katika tabaka jembamba kuliko unywele. Kwa hiyo mche wa tungsteni uliovikwa dhahabu utasomwa kuwa dhahabu tupu. Mche wenye shaka utobolewe, upimwe ndani.

Wala kifaa hiki hakisemi jiwe limetoka kilima gani. Kazi hiyo ni ya maabara: taasisi ya jiolojia ya serikali ya Ujerumani, BGR, iliyopo Hannover, imetengeneza mbinu ya kulinganisha umri wa madini na elementi chache zilizomo na sampuli za migodi inayojulikana. Askari wa mpakani hutakiwa tu kuchukua sampuli mbele ya mashahidi, kuifunga kwa lakiri, na kuandika saa.