Chupa Isiyo na Sukari: Tuisome na Mgongoni

Mwezi huu tunataka kuongea nanyi juu ya sosi ya teriyaki, ile ya chupa, yenye rangi ya kahawia iliyokolea, chumvi na utamu kwa pamoja. Wengine mtauliza, hiyo nayo inatuhusu nini sisi wa mchicha na maharage? Zamani hata sisi tungeuliza hivyo. Lakini siku hizi chupa hizo zimo kwenye rafu za supamaketi za mijini, na nyingine zinafika vijijini ndani ya masanduku ya vijana wetu wanaorudi likizo kutoka Marekani na Ulaya. Aghalabu kijana humchagulia mzazi wake mwenye kisukari ile iliyoandikwa kuwa haina sukari, au ina wanga kidogo. Nia yake ni njema kabisa.

Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mgonjwa wetu wa siku nyingi katika kliniki ya kisukari na presha, alitujia akiwa na furaha. Mtoto wake alikuwa amemletea chupa tatu. Alitoa moja mkobani, akasema, "Wanangu, kijana ananiambia hii haina sukari hata chembe. Sasa na mimi nitakula kuku mtamu kama wenzangu." Tuliitazama chupa kwa mbele, tukaona maandishi makubwa yanasema hivyo hivyo, tukamjibu, "Haya mama, hiyo afadhali." Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu, nasi hatukuigeuza chupa tukasoma nyuma. Kosa lilikuwa letu.

Aliporudi mwezi uliofuata presha yake ilikuwa 182 kwa 104, miguu imevimba, na sukari ya kidoleni ilisoma 16.4. Dawa alikuwa anameza. Alituonyesha pakiti zilizokwisha. Ndipo tulipoikumbuka ile chupa. Tulimpa bakuli na kikombe cha maji, tukamwomba amimine kama anavyomimina sosi nyumbani. Akamimina bila wasiwasi. Tukayavuta maji yale kwa bomba la sindano, tukahesabu mililita 75, yaani vijiko vikubwa 5. Mgongoni mwa chupa yake imeandikwa kwamba kijiko kikubwa kimoja kina miligramu 580 za sodiamu. Vijiko vitano ni miligramu 2,900. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima awe chini ya miligramu 2,000 kwa siku nzima, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai. Mama yetu alikipita kiasi hicho katika sahani moja, naye alikuwa akila hivyo mchana na jioni, kwa kuwa chupa ilisema haina sukari.

Basi tangu siku hiyo tumejifunza kusoma chupa, na tunapenda kuwashirikisha tuliyojifunza.

Teriyaki ni nini?

Ni neno la Kijapani. "Teri" ni mng'ao, na "yaki" ni kuchoma au kubanika. Huko Japani hasa ni namna ya kupika. Samaki au nyama hubanikwa huku ikipakwa mchanganyiko wa sosi ya soya, sukari na mirin, ambayo ni divai tamu ya mchele, mpaka ing'ae. Kwa hiyo mng'ao wenyewe unatokana na sukari. Wajapani waliohamia Hawaii waliongeza vitu vya kule, kama juisi ya nanasi na sukari ya kahawia. Mwaka 1961 kampuni ya Kikkoman ilianza kuuza Marekani teriyaki iliyokwisha kuchanganywa. Mwaka 1976 Toshihiro Kasahara alifungua mgahawa wake mdogo mjini Seattle, akiuza kuku wa teriyaki pamoja na wali kwa bei nafuu, na chakula hicho kikaenea mji mzima. Kumbukeni neno hilo, "pamoja na wali", tutalirudia.

Kwa kuwa teriyaki asili yake ni sosi ya soya na sukari, mtengenezaji anayeondoa sukari anabaki na sosi ya soya. Nayo ya kawaida ina karibu miligramu 900 za sodiamu katika kijiko kikubwa kimoja. Hapo ndipo tulipojikwaa sisi na mama yetu.

Geuza chupa

Maandishi ya mbele yamewekwa ili chupa inunuliwe. Kwa sheria za Marekani, chakula kinaweza kuitwa kisicho na sukari kama kina chini ya nusu gramu kwa kipimo kimoja. "Sukari iliyopunguzwa" maana yake ni pungufu kwa robo kuliko ile ya kawaida, na robo tatu inaweza kuwa imebaki humo. Ama maneno "low carb", yaani wanga kidogo, mamlaka ya chakula ya Marekani haijayawekea kiwango chochote. Kila kampuni inaandika inavyoona.

Tukigeuza nyuma, tuanze na mstari wa juu ulioandikwa "Serving size". Hicho ndicho kipimo ambacho hesabu zote za chini zimetokana nacho. Chupa moja inahesabu kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, na nyingine, hasa zile za kupaka nyama ya kuchoma, zinahesabu viwili. Mtu akiona chupa moja ina gramu 4 za wanga na nyingine ina gramu 6, atachukua ile ya 4. Lakini kama ile ya 6 imehesabiwa kwa vijiko viwili, basi yenyewe ina gramu 3 tu kwa kijiko, na ndiyo iliyo pungufu. Tumewaona hata waliosoma sana wakikosea hapo.

Kisha tafuta "Total Carbohydrate", ambayo ni wanga wote, pamoja na sukari. Chini yake, kwenye chupa za Marekani za miaka hii, utaona pia "Added Sugars", yaani sukari iliyoongezwa kiwandani. Mstari huo uliamriwa mwaka 2016, na kampuni kubwa zilitakiwa kuufuata kuanzia Januari 2020. Gramu 4 za sukari ni karibu kijiko kimoja cha chai. Kwa jumla sosi nyepesi kama maji, ile ya kulowekea nyama, mara nyingi ina gramu 2 hadi 4 za wanga kwa kijiko kikubwa. Ile nzito inayonata kijikoni hufika 6 au 8, na nyingine hupita hapo, kwa sababu uzito wake umetokana na sukari au wanga wa mahindi. Ukiwa dukani huna miwani, itikise tu chupa. Inayotembea polepole ndani ndiyo ya kutilia mashaka zaidi, ingawa zipo zinazoganda kwa aina ya ulimbo usio na wanga wa kuogopesha, unaoandikwa "xanthan gum".

Chupa zinazotoka Uingereza na nchi za Ulaya zinahesabu kwa gramu 100, na hiyo ni rahisi zaidi kulinganisha. Kwa vipimo vya Uingereza, sukari ikizidi gramu 22.5 katika gramu 100 ni nyingi, na ikiwa gramu 5 au pungufu ni kidogo. Wao huandika chumvi yenyewe badala ya sodiamu. Ikizidi gramu 1.5 ni nyingi. Ukitaka kulinganisha na chupa ya Marekani, shika kwamba miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi.

Halafu kuna orodha ya viungo. Vinapangwa kwa uzito, kinachozidi kikitangulia. Sukari hujificha humo kwa majina mengi: asali, sirapu ya mahindi, sirapu ya mchele, molasi, dekstrosi, maltodekstrini, juisi ya nanasi iliyokolezwa. Tukiona matatu ya namna hiyo katika chupa moja, huwa tunairudisha rafuni. Hapo hapo utaona kama kuna ngano, soya au ufuta, kwa ajili ya wale wanaodhurika navyo. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, jambo ambalo wengi hawalijui. Na kama unaalika majirani Waislamu, angalia maneno mirin, sake na divai, usije ukamkwaza mgeni wako bila kujua.

Utamu wa chupa isiyo na sukari unatokana na vitu kama sukralosi, stevia au erithritoli. Hivyo havipandishi sukari ya damu. Maltitoli inapandisha kiasi, na vitamu vya jamii hiyo vikizidi huleta gesi na kuharisha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitamu visivyo sukari kwa lengo la kupunguza uzito, lakini ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Kwetu sisi mgonjwa wa kisukari anaweza kuvitumia kwa kiasi. Watoto wa nyumba hiyo hatuoni sababu ya kuwazoesha.

Wali ulio chini yake

Sasa tulipie deni. Sukari ya mama yetu ilipandaje hadi 16.4, kama sosi haikuwa na sukari? Tulimwomba atuonyeshe kwa mikono kiasi cha wali aliokuwa akila. Ulikuwa kama vikombe vitatu. Kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa kina karibu gramu 45 za wanga. Vitatu ni 135. Zamani, alipokuwa akila kwa mchuzi wa kawaida, alikuwa akijipimia. Ladha ile mpya ilimfungulia hamu, na neno la mbele ya chupa lilimwondolea hofu. Mtu anaweza kuhangaika dukani nusu saa akitafuta sosi ya gramu 2 badala ya gramu 5, kumbe gramu mia na zaidi zinamsubiri kwenye sufuria.

Tunaongeza onyo moja, na hili ni zito. Mwingine akisoma haya atakwenda kufuta wali na ugali siku moja. Kama anachoma insulini, au anameza glibenklamidi, akipunguza wanga ghafla huku dozi ni ile ile, sukari yake inaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatokwa jasho, atachanganyikiwa, na bila msaada anaweza kupoteza fahamu. Wakati huo apewe soda ya kawaida au maji ya sukari, kama bado anaweza kumeza. Zile chupa zisizo na sukari hazitamsaidia kitu. Kwa hiyo kabla ya kubadili sahani sana, apite kliniki dozi itazamwe.

Kuhusu kupika, sosi ipakwe dakika za mwisho, nyama ikiwa imekaribia kuiva. Haitaungua, na kijiko kimoja kitatosha kuku mapande manne au matano. Usitie chumvi nyingine. Sosi iliyolowekewa nyama mbichi isimwagwe juu ya chakula kilichoiva mpaka iwe imechemshwa vizuri. Na asiyepata chupa asisikitike. Vijiko viwili vya sosi ya soya yenye chumvi pungufu, vijiko vinne vya maji, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na ndimu, vinakaribia kabisa, kwa gharama ndogo. Mng'ao hautakuwapo.

Mama yetu tulimwongezea dawa ya presha, tukampa kijiko kikubwa cha kupimia, na tukakubaliana kikombe kimoja cha wali na mboga nusu sahani, mara mbili kwa juma akiweka kijiko kimoja cha sosi yake. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa 144 kwa 88 na sukari 8.9. Bado hatujafika tunapotaka. Chupa ya tatu, ambayo hakuwa ameifungua, alituletea mwenyewe. "Shikeni," alisema, "mwafundishie wengine, na safari hii mwigeuze." Ipo mezani kliniki hadi leo.