Miguu Inayowaka Moto kwa Mgonjwa wa Kisukari

Mgonjwa wako wa kisukari akilalamika usiku kwamba nyayo zinawaka moto, zinachoma kama sindano au zimekufa ganzi, wengi wetu hukimbilia karai la maji ya moto na chumvi. Tafadhali usifanye hivyo. Sukari ikizidi damuni kwa miaka hudhuru mishipa ya fahamu. Mguu huungua mwenyewe asihisi, na kidonda huchelewa kupona kwa kuwa damu haifiki vyema. Maji yawe vuguvugu, na uyapime wewe kwa kiwiko.

Kumkanda taratibu kwa mafuta ya nazi hakuna neno, ila si katikati ya vidole wala penye kidonda. Chuku ya kuchanja miguuni, hapana! Mlonge na habasoda visimwachishe dawa; mwambie daktari anavitumia, na umuulize pia dawa ya maumivu ya mishipa. Kama hana kidonda, atembee kila siku akiwa na viatu vya kufunika vidole. Sigara aache.

Kila jioni mkague nyayo. Ukiona kidonda, weusi, au mguu mmoja umekuwa baridi ghafla, usingoje kesho. Wa Changamwe, Port Reitz ipo karibu. Wa Likoni, vukeni feri mwende Coast General.