Jini wa kitabuni na jini wa machimboni: tofauti ni ipi?

Wapo wazazi wanaosita kumpa mtoto kitabu chenye majini na mazimwi. Shinyanga na Geita, hofu hiyo ina sababu yake.

Kwa miaka mingi vikongwe wa kanda hii wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, yanayoweza kuletwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, ikiwemo dhahabu. Mwaka 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe, iliyo leo mkoani Geita.

Je, hadithi ndizo zenye kosa?

Simulizi za majini zimevuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, kati ya Uarabuni, Uajemi, India na pwani yetu. Leo waandishi wenye asili ya Asia Kusini wanazitumia kuandika riwaya za vijana. Kwa Kiswahili, Shaaban Robert alitangulia na "Adili na Nduguze". Humo Huria, binti wa mfalme wa majini, anawageuza manyani ndugu wawili waliotaka kumuua Adili kwa wivu. Jini huyo anaadhibu uovu. Hamuuzii mtu utajiri.

Wasukuma nao wana Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito, akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua alikuwa akiua mdudu au ndege, anampelekea mama na kuuliza: huyu ndiye Shing'weng'we? Mama akajibu siyo, mpaka siku alipoliua zimwi lenyewe na kulipasua tumbo, watu wakatoka wazima.

Wengi huishia hapo, lakini hadithi inaendelea. Alipokuwa akipasua, kisu kilimkata bibi kizee sikio. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Masala Kulangwa hakumuua. Alimtafutia dawa, akamponya, na baadaye akafanywa mtemi.

Tofauti iko hapo. Katika hadithi, msomaji na msimulizi wote wanajua kwamba wanatunga, na kitabu kikifungwa hakuna aliyeumia. Mganga tapeli anayemwambia mchimbaji kwamba duara halitatoa dhahabu bila kafara hasimulii hadithi. Anauza uongo, na gharama yake ni uhai wa mtu. Dhahabu iko kwenye mwamba. Anayeijua ilipo ni mtaalamu wa miamba, na hata yeye hupima kwanza.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu asikifiche kitabu. Akisome pamoja na mtoto, kisha amuulize: Nani ameumizwa hapa? Nani amefaidika? Mambo haya yakisemwa kijijini kwetu kama kweli, tungemuuliza nani ushahidi?

Mtoto aliyezoea maswali hayo atayakumbuka siku atakaposikia mtaani kwamba bibi fulani ana macho mekundu. Masala Kulangwa aliuliza kila mara kabla ya kusema amelipata zimwi. Watu wazima waliowahi kushika mapanga kwa sababu ya uvumi hawakuuliza.