Kwa Nini Mtoto Huitwa Tena Kliniki Akitimiza Miezi 18

Siku ya kliniki ya watoto, kadi za watoto wa miezi 9 huwa nyingi mezani kuliko za watoto wa miezi 18. Mtoto akishaanza kutembea na kula ugali pamoja na wenzake, wazazi wengi huona kwamba safari za kliniki zimekwisha: uzito unaongezeka, haugui, na sindano ya surua alikwisha kuchomwa. Wito wa miezi 18 una sababu yake, lakini sababu hiyo haieleki vizuri mpaka ifahamike namna mwili wa binadamu unavyojilinda.

Ulinzi wa kwanza ni kuta. Ngozi nzima isiyo na jeraha haipitishi vijidudu kwa urahisi. Puani na katika njia ya hewa mna ute unaonasa vumbi na vijidudu, na vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo kuelekea kooni, ukoholewe au umezwe. Ukimezwa, tindikali ya tumboni huviua vingi kati ya vijidudu hivyo. Moshi wa kuni hudhoofisha kazi ya vinywele hivyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kikohozi kisichokwisha kwa mtoto anayeshinda mgongoni mwa mama jikoni.

Ukuta ukitobolewa, tuseme kwa mwiba, seli nyeupe za damu hukimbilia mahali hapo na kuvimeza vijidudu. Mahali huvimba, huwa pekundu na pa moto. Usaha ni mabaki ya mapambano hayo: seli nyeupe zilizokufa, vijidudu vilivyouawa na nyama iliyoharibika. Homa nayo huletwa na mwili wenyewe, kwa kuwa vijidudu vingi havistawi katika joto la namna hiyo. Hata hivyo, homa haisemi imetokana na nini, na mtoto mwenye homa hana budi kupelekwa zahanati akapimwe malaria na maradhi mengine.

Askari hawa wa mwanzo hupigana na kila mgeni kwa namna ile ile. Nyuma yao lipo jeshi jingine linalomtambua adui mmoja mmoja. Mtu mwenye kidonda mguuni akivimba kinena husema ametoka mtoki. Uvimbe huo ni tezi ambamo jeshi hilo limeanza kazi. Ndani ya tezi kama hizo, zilizotapakaa shingoni, kwapani, kinenani na kwingineko, mna seli nyeupe za aina nyingi mno, kila moja ikiwa na umbo linaloshika kijidudu cha namna fulani tu, kama kufuli na ufunguo wake. Kijidudu kikifika, seli inayokioana nacho huzaana kwa wingi. Baadhi ya seli hizo hutengeneza kingamwili, ambazo hukiganda kijidudu na kukizuia kisiingie katika seli za mwili. Kazi hii huchukua wiki moja hadi mbili, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa ugonjwa mkali haungoji.

Lakini vita vikiisha, si seli zote zinazokufa. Chache hubaki miaka mingi zikiwa na kumbukumbu ya adui yule, na akirudi hupambana naye mara moja. Ushahidi maarufu wa jambo hili ulipatikana katika visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, mwaka 1846. Surua iliingia humo ikawapata watu zaidi ya 6,000 kati ya takriban 7,800. Daktari kijana, Peter Panum, aliyetumwa kuchunguza mlipuko huo, aligundua kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781, miaka 65 kabla, hawakuugua tena hata mmoja, ingawa katika muda wote huo surua haikuwa imeonekana visiwani. Chanjo hutegemea kumbukumbu hiyo hiyo. Mwili huonyeshwa kirusi kilichodhoofishwa, ukajifunza kumtambua adui bila kwanza kuugua surua yenyewe.

Basi kwa nini mara mbili? Mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Ni urithi mwema, ila haudumu. Hupungua mwezi hadi mwezi katika mwaka wa kwanza. Mtoto akichanjwa mapema mno, kingamwili za mama hukizima kirusi cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote. Akicheleweshwa mno, surua yaweza kumtangulia. Miezi 9 ni umri uliochaguliwa katikati ya hatari hizo mbili, na katika umri huo watoto wapatao 85 kati ya 100 hupata kinga. Waliobaki wamechomwa sindano, kadi zao zimeandikwa, lakini hawana kinga, na hakuna awezaye kuwatambua kwa kuwatazama. Dozi ya miezi 18 imewekwa hasa kwa ajili yao. Kwa kuwa hawajulikani, huitwa wote.

Surua ina ubaya mwingine ambao haujulikani sana na wazazi. Kirusi chake hushambulia zile seli zenye kumbukumbu. Uchunguzi wa damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba baada ya surua watoto walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao dhidi ya maradhi mengine. Mtoto anaweza kupona vipele, kisha akashikwa na nimonia au kuhara kwa vijidudu ambavyo mwili wake ulikwisha kuvizoea. Chanjo ya surua haina madhara hayo.

Tena, surua huenea upesi kuliko karibu maradhi yote. Kirusi hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea. Ili mlipuko uzuiwe, watoto wapatao 95 kati ya 100 wapaswa kuwa na kinga, na dozi moja haiwezi kufikia kiwango hicho.

Linalowaudhi wazazi ni kufika kituoni wakaambiwa warudi siku nyingine. Chupa moja ya chanjo hii ina dozi kadhaa, na ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu, zinazobaki humwagwa. Kwa hiyo mhudumu huweza kusubiri watoto watimie. Ni vyema kuulizia mapema siku ya chanjo hii katika zahanati iliyo karibu, hasa kwa anayetoka kitongoji cha mbali.

Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha chanjo. Mhudumu ndiye atakayeamua. Mtoto aliyepitisha miezi 18 bila dozi ya pili apelekwe hata sasa, na mzazi aliyepoteza kadi asibaki nyumbani kwa kuona haya, kwani kumbukumbu za mtoto hutafutwa katika rejesta ya kituo. Mtoto mwenye homa na vipele, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu, atengwe na wenzake na apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Mzazi amweleze mhudumu mlangoni, kabla ya kuketi naye kwenye foleni ya watoto wachanga.